Simbilisi wa Atelier ya Michezo Anastaafu

Nimestaafu. Niko na miaka kumi na saba, na wiki hii nimerudisha maneti yangu, ile ya kushika mkononi na kubonyeza, yenye plastiki iliyolika upande wa kidole gumba changu. Wanaojua kazi yangu wamecheka vya kutosha, kwa hiyo ninyi mnaokuja baada yangu msianze tena. Mlinitazama Jumatano mkitaka niwaeleze kazi, mimi nikakohoa, nikasema "mutaona," nikatoka. Kuandika naweza. Kusema mbele ya watu ni habari nyingine, na mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba ndiyo habari yenyewe.

Kazi nilipewa na dada yangu Mwamini. Mimi namwita Ya Mwamini, "Ya" ya kumheshimu mkubwa, ninyi mtamwita Mademoiselle, kwa sababu sasa ni msaidizi wa Prof na anapenda jina hilo kuliko anavyokubali. Wakati ule alikuwa mwanafunzi, anasomea michezo ya video chuo kikuu hapa Lubumbashi. Asubuhi walikuwa na nadharia katika auditoire, ukumbi wa mihadhara: kwa nini watu wanacheza, sheria ya mchezo ni nini, kisolo, yaani bao la mababu, na vishimo vyake kinafanana wapi na mchezo wa kwenye simu. Mchana walishuka atelier, karakana yao, wakatengeneza. Prof alikuwa anasema nadharia bila mkono ni mahubiri, na mkono bila nadharia ni kupiga kelele.

Papa yetu anauza vipuri vya baiskeli sokoni. Yeye hakupenda mahubiri wala kelele.

"Batoto ya benzangu banasoma udaktari," alisema. "Weye unasoma kucheza?"

"Ninasoma kutunga muchezo, Papa. Iko na mutihani kama masomo yote. Unaleta muchezo yako mbele ya jury."

"Na ukianguka?"

Swali lilikuwa na sababu, maana Ya Mwamini alikuwa ameshaanguka. Mwaka wake wa kwanza wa kutetea kazi, mtahini mmoja wa jury alichukua maneti, akatembea kidogo ndani ya mchezo, akatumbukia katika mtaro wa maji, akabaki humo hadi saa yao ikaisha. Ya Mwamini aliujua ule mtaro vizuri, aliuruka kila siku bila kufikiri. Hakuwahi kumpa mtu mwingine acheze.

Papa hakugombana. Papa hagombani, anapanga. "Mwaka moja tena," alisema. "Ukianguka, unaenda Sakania, unasaidia baba mudogo."

Baba mdogo Amisi ni mtu mwema. Ana duka Sakania, karibu na reli, anauzia sabuni na biskuti watu wanaovuka kwenda Zambia. Lakini kila Papa aliposema "Sakania," Ya Mwamini alishusha macho na kuanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Ndiyo maana alinitafuta. Alihitaji mtu asiyejua lolote, na nyumbani kwetu mtu huyo alikuwa mimi.

*

Siku ya kwanza nilikwenda na nguo za masomo, shati jeupe na sketi ya bluu, nikakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja sindano. Trésor alikuwa hapo. Trésor ni mwenzake Ya Mwamini katika kazi ile. Yeye aliandika programu, dada alitunga sheria na kuchora. Wazazi wake ni watu wa Kasai, na alikuwa anatuambia mara kwa mara kwamba kwao hata mbuzi wanajua hesabu.

"Huyu njo simbilisi yetu?" aliuliza.

Msikasirike wakiwaita hivyo. Simbilisi ni yule mnyama mdogo anayefugwa ndani ya sanduku, anakula majani, halalamiki. Mahali pengine wanamtumia kujaribia dawa. Mtaani kwetu Kamalondo wanamla, kwa hiyo nilijiona nina bahati.

"Usiogope, habatakukula," Ya Mwamini alisema, kama amenisoma. "Unacheza, unasema byote byenye unawaza. Shiye tunanyamaza."

Hiyo ndiyo sheria kubwa ya atelier, na ninyi mtaishi nayo: anayejaribu anasema, aliyetunga ananyamaza. Haruhusiwi kuonyesha njia, kuguna, wala kuvuta pumzi kwa nguvu. Trésor alikuwa anaweka kizibo cha chupa katikati ya meno ili asiseme. Alitafuna vizibo vingi.

Shida yangu ilikuwa nusu ya kwanza ya sheria. Nilicheza mchana mzima bila kutoa neno moja. Nilijua ninachotaka kusema, kilifika mpaka kooni, kikaona watu, kikarudi. Mwisho tulikuwa watu watatu tumenyamaza mbele ya mashine, kama tuko kwenye matanga.

Kesho yake Ya Mwamini alikuja na mfuko wa vipande vya nguo. Alikuwa ameviomba kwa Papa Ramazani, fundi wa nguo mwenye cherehani yake kwenye baraza ya avenue yetu. Akachagua vitatu. Kijani: nafurahi. Chekundu: nimekasirika. Cheusi: sielewi. "Unanyanyua tu," alisema. "Mudomo ibakie kwako."

Hivyo ndivyo vile vitambaa mlivyoviona mezani. Si mapambo, ni vyombo vya kazi. Cheusi kimechakaa kuliko vingine, na ninyi mkianza mtajua kwa nini.

*

Kesi yangu ngumu ya kwanza haikuwa ya dada. Wanafunzi wengine walisikia kuna simbilisi mtulivu, wakaniazima. Mchezo wao ulikuwa wa mpelelezi. Unafika kwenye mlango wa nyumba, unaingia, unatafuta mwizi.

Nilifika mlangoni. Nikabonyeza ili nigonge. Mlango uligongwa vizuri, sauti ilikuwa safi kabisa. Nikangoja. Nikagonga tena. Nikangoja. Watungaji nyuma yangu walikuwa wanapumua kama watu waliobeba gunia. Mimi nilidhani huo ndio mchezo, kuona nani ana subira. Mwishowe nilinyanyua kijani, niwatie moyo.

Prof alipita akasimama. Wanafunzi walimwita Prof Juu-ya-Nini, yaani Prof Kwa-Nini, kwa siri ambayo yeye aliijua, kwa sababu swali lake lilikuwa hilo moja tu.

"Juu ya nini haingie?" aliuliza.

"Hatujue, Prof. Mulango iko wazi! Anasukuma tu, anaingia!"

Prof akainama kwangu. Nikaangalia viatu vyake. Nikasema kwa sauti ya mbu: "Hakuna mwenye alisema karibu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu alinipeleka mimi na sketi yangu kwenye auditoire, akanikalisha benchi la nyuma, na somo la kesho yake likawa kuhusu mlango ule. Aliwaambia kila sheria ya mchezo ni swali unalomuuliza mchezaji, na jibu lake liko katika anachofanya. "Mutu akicheza vibaya," alisema, "kwanza muulizeni anacheza muchezo gani." Tangu siku ile nilikuwa naingia nadharia nikiwa na nafasi. Sikuandikishwa popote, lakini hakuna aliyenifukuza. Faida moja ya mtu mwenye haya ni kwamba anaenea popote.

*

Sasa mchezo wenyewe wa Ya Mwamini. Wewe ni msichana. Mama anakupa chungu cha sombe ya moto, mboga ya majani ya muhogo, unatoka Kamalondo, unakipeleka kwa Koko, nyanya yako, anayekaa Makomeno. Juu ya chungu kuna mvuke. Mvuke unapungua. Ukiisha, sombe imepoa, Koko anasukuma sahani, umeshindwa. Njiani kuna watu wamekaa milangoni, na ukibonyeza kidude cha juu unawasalimia. Trésor aliweka hiyo salamu kama pambo tu.

Nilicheza. Sombe ilifika baridi. Nikacheza tena, baridi. Wakaleta watoto wa jirani, wote baridi. Trésor akatoa kizibo mdomoni.

"Batoto ba leo beko polepole," alisema. Akaongeza mwendo wa msichana. Baridi. Akafupisha njia, mpaka Makomeno ikawa kama iko nyuma ya soko. Baridi.

Prof alikuja, akatazama juu ya mabega yetu. "Juu ya nini?"

Ya Mwamini ndiye aliyeona. "Banasalimia," alisema polepole. "Angalia, Trésor. Banasalimia kila mutu. Mama ya mikate, banasimama. Wazee ba pa kona, banasimama. Hata huyu fundi ya nguo, mwenye iko mbali na njia, banasimama."

"Lakini nani aliwatuma?" Trésor alilia. "Muvuke inaisha! Banaona inaisha!"

Alirudi kwake amekasirika, na kesho yake akaleta dawa. Alikuwa amewafuta watu wote. Avenue nzima, milango na maua ya ukutani, bila mtu hata mmoja. "Sasa kimbia," aliniambia.

Nilishika maneti. Nikatembea hatua chache. Mchana mweupe, Kamalondo, hakuna mama wa mikate, hakuna wazee, hakuna cherehani. Nikasimama. Nikanyanyua kitambaa cheusi. Halafu, na hii sikuipanga, niligeuza yule msichana, nikarudi naye nyumbani na chungu chake, nikamwingiza ndani.

"Anarudi!" Trésor alisahau sheria kabisa. "Njia iko wazi, anarudi! Mwamini, dada yako iko namna gani?"

Ya Mwamini alikuwa amekaa na mikono mapajani. Siku ya jury ilikuwa karibu, na mchezo ulikuwa na hali mbili tu: wenye watu, usiochezeka, na usio na watu, unaotisha.

*

Jioni tulikuwa nyuma ya nyumba tunachambua majani ya sombe, ya kweli. Tulikuwa tumepeana migongo, yeye anatazama ukuta wa lupango, yaani ua wetu, mimi natazama kamba ya nguo. Nikimpa mtu mgongo nasema vizuri zaidi.

"Ulirudi juu ya nini?" aliuliza.

"Kama avenue haina bantu, kuko jambo. Huwezi kwenda tu."

"Na kama beko?"

"Kama beko, unasalimia. Ukipita bila kusalimia, habari inafika ku nyumba mbele ya weye. Mama ya mikate anaambia mama ya makala, mama ya makala anaambia Mama. Ukifika, unakuta bameisha kukugombeza."

Nilisikia majani yameacha kukatika nyuma yangu.

"Rudia," Ya Mwamini alisema. "Habari inafika mbele?"

Ninyi mnaona leo ule mchezo umekaa vizuri, mnadhani ulizaliwa hivyo. Ulizaliwa pale, kwenye majani. Watu walirudi milangoni. Kusalimia bado kunakula mvuke, lakini sasa habari inatangulia. Ukimsalimia mama wa mikate, mbele yako mama wa makala, muuza makaa, ameshasikia kwamba unapita, anakufungulia mlango wa lupango ukate njia. Mwingine anafunika chungu kwa sahani. Ukimpita mtu kama jiwe, wa mbele anakusimamisha: "Mutoto ya nani, huyu?" na hapo mvuke unakwenda kweli. Trésor alifanya kazi ile akilalamika, na aliifanya vizuri mno. Kwa mara ya kwanza sombe ilifika moto. Nilinyanyua kijani, naye akakibusu kile kitambaa.

Kitu kimoja kiliwagonganisha. Fundi. Walimchora akifanana na Papa Ramazani, kofia na vyote, yuko mbali kidogo na njia, ukienda kumsalimia unapoteza mvuke, naye anaitika tu. "Hatoi kitu," Trésor alisema. "Tumutoshe." Ya Mwamini alikataa kumfuta, bila sababu ya kueleza. Alisema tu, "Mwache kwanza."

*

Mbele ya jury sheria ni ileile: mtungaji ananyamaza, na mwaka huo mchezaji hakuwa mtahini tena, bali mtu wa nje anayeletwa na mtungaji. Lakini huyo mtu wa nje anajibu maswali kwa mdomo. Vitambaa havihesabiwi.

"Utacheza?" Ya Mwamini aliniuliza.

"Hapana."

"Sawa," alisema. "Nitatafuta mwingine."

Hakunibembeleza. Ningependa anibembeleze, ningepata nafasi ya kukataa vizuri. Badala yake nilimkuta chumbani anakunja nguo zake anaziweka katika lile begi la Papa la safari, polepole, akinyoosha kila mkunjo, kama vile Sakania watakagua. Jury haijaketi, na yeye tayari anapanga begi. Nikasimama mlangoni nikasema, "Nitacheza. Lakini usiniangalie." Akatoa blauzi moja begini, akaitundika tena.

Siku yenyewe, chumba kilikuwa kimejaa. Prof alikaa upande mmoja. Katikati alikaa mama mmoja wa jury, mhandisi, mwenye kalamu aliyoishika kama kisu cha samaki. Ya Mwamini na Trésor walisimama ukutani, wamenyamaza kwa sheria. Trésor alikuwa na kizibo.

Nilianza. Mama wa mikate, jambo. Mama wa makala, mlango ukafunguka. Chungu kikafunikwa. Mvuke ulikuwa mwingi, kila kitu kilikwenda vizuri, na mimi nikaona kofia ya fundi kule kando, nikageuza msichana, nikaenda.

"Simama," mama wa jury alisema. "Huyu fundi, anakupa nini?"

Nikapapasa mfukoni, nikakuta kitambaa cheusi, nikakishika.

"Hakuna, mama."

"Ulijua kama hatakupa?"

"Nilijua."

"Na muvuke unaona inaenda. Sasa unamusalimia juu ya nini?"

Nilimtazama Prof, kwa sababu swali lilikuwa lake na lilikuwa limeibwa. Yeye alitazama dari. Ya Mwamini alikuwa ukutani na hawezi kunisaidia hata kwa nyusi. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri, na juu ya skrini mvuke wa sombe yake unakwenda zake, na Sakania nayo.

"Juu iko pale," nikasema.

Hawakusikia. Mama akainamisha sikio. Kwa hiyo ikabidi niseme tena, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, yakatoka yote.

"Juu iko pale, mama. Fundi ya kweli iko pale ku kwetu, kila siku. Miye sipitake mbele yake. Ninapitaka nyuma, ku mutaro, ninazunguka, juu ya haya. Nikikuta bantu bengi, jambo haitoke. Hapa ndani hakuna mwenye ananiangalia. Hapa ninasalimia bote."

Hakuna aliyecheka. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Endelea, mutoto," mama wa jury alisema. "Sombe inapola."

Nilikimbia. Nilifika Makomeno mvuke ukiwa uzi tu, na pale mlangoni kwa Koko ukakatika. Baridi. Nikafunga macho. Nikasikia sauti ya Koko, ambayo ni Ya Mwamini mwenyewe amebana pua:

"Hii imepola. Lakini kaa. Fundi Ramazani ameamuka namna gani?"

Nikafungua macho. Hayo maneno sikuwahi kuyasikia. Chini ya skrini kulikuwa na kidude cha kujibu, na kilikuwa kinawaka, kwa sababu nilikuwa nimemsalimia. Nikabonyeza. *Ameamuka muzuri, Koko, anakusalimia.* Koko akavuta sahani yake, akaanza kula.

Hawakuniambia. Mjaribu haambiwi kitu, ndiyo sheria. Ya Mwamini alikuwa ameyaongeza katika toleo la mwisho, na Trésor, aliyetaka fundi afutwe, ndiye aliyeyaandika. Nilipogeuka alikuwa anatabasamu na kizibo menoni, sura mbaya sana.

"Kumbe anatoa," mama wa jury alisema, na kwa mara ya kwanza akaandika kitu.

Ya Mwamini alipita. Papa aliposikia aliuliza, "Na muchezo iko na baiskeli?" Ya Mwamini akasema haina. "Ingefika moto," Papa akasema, akaenda msikitini akiwa na furaha anayoificha vibaya. Sakania tulikwenda likizo, kula biskuti za baba mdogo.

*

Mimi nilibaki kazini. Nimenasa ndani ya kuta, nimezama katika maziwa yasiyo na chini, nimeuawa na mpira wa miguu. Sasa naingia mwaka wa sita wa sekondari, kuna mtihani wa serikali, na Papa amepanga tena: hakuna maneti mpaka nipate diploma. Hajakosea. Nataka kuingia auditoire ile kwa mlango wa mbele.

Basi vitambaa ni vyenu. Mwenye mdomo asivitumie, ampe mwenye haya. Msijifanye wajanja mbele ya mchezo. Fanyeni mnachofanya kwenu. Kama mlango hauna karibu, ngojeni. Mtungaji akianza kupumua nyuma yenu, hiyo ni ishara kwamba mnafanya kazi.

Jumatano, nilipotoka kwenu, nilishuka mpaka kona yetu, pale njia ya mtaro inapoachana na avenue. Mkono ulizoea kuwa na kitambaa mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikapita avenue.

Papa Ramazani alikuwa anashona. Nikasema jambo. Cherehani ilikuwa na nguvu kuliko mimi. Nikasema tena.

Alisimamisha mguu. "Jambo, mama. Weye mutoto ya nani?"

"Ya Papa Saidi, ya baiskeli."

"Ya Saidi?" Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Eh! Siku zote nilizani iko na Mwamini tu."

Tulicheka wote, yeye kwa sauti. Akasema nimsalimie Papa.

Nilimkuta Papa uani anakaza magurudumu. "Papa Ramazani anakusalimia," nikasema.

Akainua kichwa. Spana ikabaki hewani.

"Ulipita wapi?"

"Mu avenue, Papa," nikasema, nikaingia ndani kuangalia sombe.